Saa Yenu au Saa Yetu

Watu wakisikia fulani amekwenda kujitolea nje ya nchi, wanafikiria ndege, begi la mgongoni na picha nyingi. Mama wa kujitolea ninayemkumbuka mimi alikuwa anakwenda nje ya nchi kwa miguu, mara mbili kwa wiki, na jioni anarudi kwake kupika. Nyumba yake ilikuwa Nakonde, upande wa Zambia. Shule yetu ilikuwa Chapwa, upande huu wa Tunduma. Kati yake na sisi kulikuwa na mpaka, foleni ya malori, na saa moja.

Hiyo saa moja si ya mwendo, ni ya ukutani. Wenyeji wanaijua. Zambia wako nyuma yetu kwa saa nzima: huku ikiwa saa nne asubuhi, kwao ni saa tatu. Simu za Tunduma zenyewe huchanganyikiwa. Ukikaa karibu na mpaka zinashika mtandao wa ng'ambo na kurudi nyuma bila kukuuliza, nami nimeshachelewa ibada kwa ajili hiyo na kulaumiwa mlangoni. Kwa hiyo mtu wa Tunduma akipanga kitu na mtu wa Nakonde, lazima waulizane: yenu au yetu? Mama huyu hakuacha kuuliza hata mara moja. Ungemwambia chai iko tayari saa nne, angekuuliza yenu au yetu, huku birika liko mbele yake linatoa moshi.

Mkononi alivaa saa ya chuma aliyopewa siku anastaafu ualimu kwao. Haikuwahi kubadilishwa. "Hii ni ya Zambia, mukwai," alisema, na hilo neno la heshima la Kibemba alilibandika mwisho wa kila kitu, hata matusi. "Acha isome ya Zambia. Kichwa changu ndicho kitahesabu." Na kilihesabu vizuri. Miaka sita niliyomjua hakuchelewa siku hata moja, isipokuwa siku moja, na siku hiyo ndiyo inayonifanya niandike.

Mimi nilikuwa nafundisha Kiswahili pale, na nilikuwa matroni wa hosteli ya wasichana. Yeye hakuwemo kwenye orodha ya walimu. Wasichana walimwita Bamayo, yaani mama, kwa lugha ya ng'ambo, na sisi walimu tukamwita hivyohivyo. Alizaliwa wapi, mumewe alikuwa nani, sikuuliza. Najua tu kwamba alikuwa Mnamwanga, kabila lililo pande zote mbili za mpaka, kwa hiyo nusu ya Chapwa walikuwa ndugu zake, na hakuna aliyemwona mgeni. Alikuja siku ya kwanza kumwangalia mjukuu wa dada yake aliyekuwa kidato cha kwanza. Akafika wakati wa mstarini. Akasimama pembeni na kapu lake, akaona kaka mkuu anatoa amri, wavulana wanasoma taarifa, na wasichana wanaitwa mara moja tu, wapangiwe zamu ya maji. Mstari ulipovunjika akaenda moja kwa moja ofisini kwa mkuu wa shule na kumwambia atakuwa anakuja kila Jumanne na Alhamisi baada ya vipindi, awafundishe wasichana kuongoza. Mkuu akamuuliza anataka nini. Akasema anataka darasa moja na kiti. Mkuu akacheka na kumpa, kwa kuwa hakuna kilichompungukia.

Kopo lake ndilo lililokuwa maarufu. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, tupu, na pembeni yake bakuli la punje za mahindi. Msichana anakalishwa kwenye kile kiti cha mbele, anaambiwa awape wenzake kazi: safisheni ubao, hamisheni madawati, nisikilizeni nina taarifa. Kila akitamka "samahani" anatia punje moja kwenye kopo. Ee, wasichana wetu na samahani. Samahani naomba niongee. Samahani jamani tukae kimya. Mmoja aliwahi kusema samahani kwa kusema samahani, akatia punje mbili. Kopo lilijaa mpaka mpishi wa shule akaja kuomba zile punje akapikie kande. "Usiombe radhi kabla hujakosea," Bamayo aliwaambia. "Siku utakayokosa kweli, utakuwa huna neno la kutumia."

Neno lake la pili lilihusu uso. Wasichana walimwambia wakisimama mbele ya watu wengi wanaona giza. Akawafundisha wasizungumze na watu wengi. Tafuta uso mmoja tu, mmoja unaokutakia mema, mwambie huyo. Wengine watasikia humohumo. Nililiona hili likifanya kazi kwa macho yangu, na hata mimi nililitumia siku niliyosoma wasifu wa marehemu baba mdogo kanisani. Nilimtazama shangazi yangu mmoja mwanzo hadi mwisho na sauti haikukatika.

Asidhani mtu kwamba alikuwa mpole. Alikuwa na mdomo. Hakuna siku aliyomwambia msichana "vizuri". Ukimaliza kusema, hata kama umesema mpaka watu wametokwa machozi, yeye atasema, "Haya. Mwingine." Aliwaita wavivu wa koo. Ugali wetu aliudharau waziwazi, akisema nshima ya kwao inakaa tumboni na ya kwetu inapita tu kusalimia. Chakula cha shule hakula bure. Alibeba munkoyo kwenye chupa ya maji, ile togwa yao ya mizizi, na viazi vitamu vya kuchemsha ndani ya kitambaa, akabadilishana na wapishi kwa kikombe cha chai. Chai yenyewe sukari vijiko sita. Nilimwambia atakufa, akasema kila mtu atakufa, lakini yeye atakufa ameonja.

Halafu kulikuwa na mambo yake ambayo sikuweza kuyapatanisha. Mwanamke huyu anayefundisha wasichana kumtazama mkubwa usoni, yeye mwenyewe akikutana na mkuu wa shule alipiga magoti. Chini kabisa, magoti kwenye vumbi, anapiga makofi ya taratibu kama wanavyosalimia kwao, macho kwenye viatu vya mkuu. Mkuu alikuwa umri wa mwanawe wa mwisho. Nilikasirika siku moja nikamuuliza anawafundisha nini wale watoto kwa mfano ule. Akafuta magoti yake. "Mimi nimeshachelewa, mwalimu," akasema. "Haya magoti yangu yalikunjwa zamani. Yao bado."

Alikuwa na mabinti watatu na hakuna hata mmoja aliyemaliza sekondari. Aliniambia siku tunamenya karanga nje ya jiko, bila mimi kumuuliza. Wa kwanza alipata mimba. Wa pili aliozeshwa na baba zake wadogo wakati yeye yuko kwenye semina ya walimu, amerudi amekuta nyumba ina mtungi wa pombe na binti hayupo. Wa tatu aliacha mwenyewe. "Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya wasichana," alisema. "Watu walikuwa wananiita niwafundishe." Akaendelea kumenya. Nilielewa baadaye kwamba yale mazoezi ya kiti na kopo hayakuwa mradi wa kupoteza muda wa kustaafu.

Mwaka mmoja walikuja pia wageni wa kujitolea wenyewe hasa, vijana wa Ulaya, wakakaa wiki tatu. Walileta fulana za njano na vyeti. Walikuwa watu wazuri, sina neno baya juu yao, na waliimba sana. Walipoondoka kila msichana alikuwa na cheti kilichoandikwa kwamba yeye ni kiongozi. Bamayo alivisoma vyeti vile kimoja kimoja, miwani puani, kisha akamuuliza msichana aliyekuwa karibu, "Sasa wewe unaongoza nini?" Msichana akasema hajui. "Basi tukitafute," akasema Bamayo, na siku hiyohiyo akaanza kumsumbua mkuu kwamba mwaka ujao dada mkuu naye atoe amri mstarini.

Msichana huyo ndiye Minza.

Minza alitoka bondeni Momba, kwa wafugaji waliohamia na ng'ombe wao kutoka Usukuma. Alipofika kidato cha kwanza alikuwa anaongea huku amefunika mdomo kwa kiganja. Kwenye kopo hakuna aliyemfikia. Muhula wa kwanza Bamayo alimwambia kwa punje zile ataifungulia familia yake ghala la mahindi. Alikuwa mrefu, ana aibu ya urefu wake, anajikunja akikaa. Sijui Bamayo aliona nini pale. Mimi matroni niliyelala chumba cha pili kutoka kwake sikukiona. Lakini kila Jumanne na Alhamisi Minza alikaa kwenye kile kiti, na polepole kile kiganja kikashuka.

Kidato cha tatu akawa dada mkuu. Asubuhi ya kwanza aliyotoa amri mstarini, msichana wa kwanza kwenye shule ile, nilikuwa zamu. Alipanda jukwaani, akatafuta. Nikaona macho yake yanapita juu ya vichwa mia nne mpaka kwa Bamayo, ambaye haikuwa siku yake lakini alikuwa amekuja, amesimama palepale pembeni na kapu lake. Minza akamtazama huyo mmoja na kusema, "Shule, mguu sawa!" Miguu mia nane ikagonga. Wavulana walicheka kidogo halafu wakaacha. Nilimgeukia Bamayo, nikidhani safari hii atasema vizuri. Akaangalia saa yake ya Zambia. "Haya," akasema. "Mwingine."

Mwaka uleule, muhula wa pili, baba yake Minza akaja kuomba uhamisho.

Kwa asiyejua, nieleze. Kumwoza mwanafunzi ni kesi, na kila mtu anajua ni kesi. Lakini kumhamisha mwanafunzi ni karatasi. Mzazi anaandika anataka mtoto ahamie shule fulani, mbali, mkuu anasaini, bodi ya shule inapitisha, mtoto anatolewa kwenye orodha yetu. Akifika huko au asifike, huko hawamtafuti, maana hawakumjua, na huku hatumtafuti, maana ameshahama. Ng'ombe wa mahari wanakuwa wameshafika bomani. Mkuu wetu alikuwa na kauli yake: "Mimi sisaini ndoa, nasaini uhamisho." Aliisema kwa utulivu kabisa.

Minza alilia kwangu hosteli, kisha akanyamaza, akaenda kwa Bamayo. Bamayo hakupiga kelele. Alikuwa mwalimu mkuu, anajua karatasi. Akasema karatasi inazuiwa na karatasi. Bodi ikikaa, mtoto huitwa na kuulizwa kama ana neno. Akisema kwa mdomo wake "sitaki kuhama, nataka kumaliza hapa", lazima iandikwe kwenye muhtasari, na mkuu hatathubutu kusaini juu ya maandishi hayo, kwani siku yakifumuka yatamshika yeye. Ni sentensi moja tu. Wakaifanyia mazoezi wiki mbili, kwenye kiti, mimi nikisikia nikipita dirishani. Bamayo akamwahidi atakuwepo. Akaniambia mimi nimwekee kiti karibu na mlango, ili Minza akiinua macho tu amwone.

"Siku ikijulikana nipigie, mwalimu. Nakutegemea wewe," akasema.

Sasa nifike kwangu. Mama yangu alikuwa Hasamba, kule Mbozi, amepooza upande wa kulia, analishwa na jirani. Mtoto ni mimi peke yangu niliyebaki. Barua yangu ya kuomba uhamisho wa kwenda kufundisha huko ilikuwa kwenye droo ya mkuu kwa miaka miwili. Kila nilipomkumbusha alisema nafasi, upungufu wa walimu, subiri. Jumanne jioni, baada ya Bamayo kuvuka kurudi kwake, mkuu akaniita. Akasema bodi inakaa kesho saa nne asubuhi. Akafungua droo, akaitoa barua yangu, akaiweka mezani, hakuisaini, akaiwekea kalamu juu yake.

"Yule mama wa ng'ambo," akasema, "si vizuri aje katikati ya kikao cha watu. Akija mwishoni tukinywa soda, tutamkaribisha. Wewe ndiye unayempigiaga, si ndiyo?"

Niliitazama ile kalamu. Akasema, "Mama anaendeleaje?"

Nikasema anaendelea vilevile.

Nilimpigia Bamayo nikiwa nje ya geti la shule, malori yananguruma. Kitochi chake kiliita mara mbili tu akapokea, alikuwa anasubiri. Nikamwambia ni kesho, saa nne. Akauliza alichouliza siku zote. "Yenu au yetu?"

Nikasema, "Yenu." Yaani ya Zambia, ambayo kwetu ni saa tano.

Akasema asante, mukwai, Mungu akubariki. Simu ikakatika. Nilisimama pale nikajiambia naweza kumpigia tena. Nilikuwa na salio. Nilijiambia hivyo mpaka nikafika hosteli, nikamkuta Minza anapiga pasi sketi yake kwa pasi ya mkaa. Akaniuliza kama Bamayo anajua. Nikamwambia anajua.

Kikao kilianza saa nne kamili, jambo ambalo kwetu halijawahi kutokea. Walikuwa wajumbe watano, mwenyekiti, mkuu, na mimi mwandishi wa muhtasari. Baba yake Minza alikaa kwenye benchi na fimbo yake ameilaza miguuni. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa ameleta maziwa mgando kwenye dumu kwa ajili ya wajumbe, na alimshukuru kila mtu kwa kumtunza mwanawe. Kiti cha karibu na mlango kilikuwa pale nilipokiweka.

Minza akaitwa. Akaingia, amenyooka, mrefu kweli. Mwenyekiti akamwambia baba yake anaomba ahamie shule nyingine, je, ana neno? Minza akatazama kile kiti. Akatazama mlango. Akatazama dirishani, kule inakoonekana njia ya kutoka barabara kuu, na njia ilikuwa na mbuzi tu. Kisha macho yake yakazunguka chumba kile, uso kwa uso, nami nilijua anachotafuta. Yakafika kwangu.

Nikainamisha kichwa. Niliandika tarehe juu ya karatasi, na tarehe ilikuwa imeshaandikwa.

"Samahani," akasema Minza. Mwaka mzima nilikuwa sijalisikia neno hilo mdomoni mwake. "Samahani, naomba tusubiri kidogo."

"Tumsubiri nani?" akauliza mwenyekiti. Hakuuliza kwa ubaya, alikuwa na msiba wa kwenda.

Kiganja cha Minza kikapanda, kikafunika mdomo. Mwenyekiti akahesabu kimya kile kuwa ni heshima, akasema basi tuendelee. Nami nikaandika, kwa mwandiko wangu huu ninaousifia kwa wanafunzi: Mwanafunzi hakuwa na pingamizi. Mkuu akasaini. Alipomaliza ile ya kwanza akavuta ya pili kutoka chini ya faili lake, akaisaini pia, akaisukuma upande wangu bila kunitazama.

Bamayo alifika tukiwa kwenye soda. Alikuwa amevaa suti yake ya bluu ya enzi za ualimu, ambayo hatukuwahi kuiona, na viatu vya kufunga. Akapiga magoti mlangoni, akawasalimia wajumbe wote kwa makofi. Alipoinuka akaona kiti kitupu, akaona soda, akaona saa ya ukutani. Akaangalia ya mkononi. Aliziangalia zote mbili kwa zamu muda mrefu. Mkuu akamkaribisha soda.

Nje aliniuliza Minza yuko wapi. Nikamwambia ameondoka na baba yake kwa pikipiki, pamoja na tranka lake.

"Nimepishana na pikipiki yenye tranka," akasema. "Pale kwenye malori. Sikuiangalia."

Alimfuata. Wiki hiyohiyo alikwenda bondeni kwa boda, mwanamke wa umri ule, akalala kwa watu asiowajua, akaambiwa familia imehamisha mifugo. Akaenda mpaka kwenye ile shule iliyoandikwa kwenye barua. Hawakuwahi kulisikia jina la Minza. Akarudi kwa mkuu na hilo, na hapo ndipo mkuu, baada ya miaka sita, alipokumbuka kwamba yule mama ni raia wa nchi nyingine na akamuuliza ana kibali gani cha kufundisha Tanzania. Watu waliomwita shangazi walinyamaza kimya. Hata mimi nilinyamaza. Siku ya mwisho alichukua kopo lake, akaliacha bakuli la punje kwa wapishi, akavuka. Mimi nilihamia Hasamba mwezi uliofuata. Nilikaa na mama yangu miezi minane akafariki, na sijutii miezi ile nane, hilo pia naliandika, maana ndiyo kweli.

Juzi hapa, ikiwa ni mwaka wa tatu, nilikwenda Nakonde kununua vitenge vya sare ya kwaya. Nilijiambia nakwenda kwa vitenge. Lakini baada ya kununua, miguu ilinipeleka, nikauliza watu nyumba ya mwalimu mkuu mstaafu, nikaonyeshwa. Alikuwa amekaa barazani anauza munkoyo kwa ndoo. Amepungua. Miguu imevimba. Alinitambua kabla sijafika, akaniita kwa sauti, akaniletea kiti na kikombe.

Tuliongea habari za mama yangu, akanipa pole kwa kupiga makofi. Akauliza kama bado nafundisha. Kisha akauliza, "Minza umemsikia?"

Nilikuwa nimemsikia. Mwalimu mwenzangu mmoja alimwona mnadani, kwenye soko la ng'ombe, ana mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Akamsogelea akamuuliza wewe si ndiye uliyekuwa dada mkuu Chapwa? Akamjibu, samahani mwalimu, siyo mimi, umenifananisha.

"Sijamsikia, Bamayo," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu. "Kosa lile ni langu," akasema. "Uliniambia vizuri kabisa. Uliniambia saa nne yenu, ya Tanzania. Mimi kichwa changu, siku moja tu katika miaka yote ile, kikasahau kutoa ile saa moja. Uzee. Nimeliwaza sana, mwalimu. Nimekaa hapa nikaliwaza nikaona hakuna njia nyingine, nilisahau kuhesabu." Akanyoosha mkono kunionyesha saa yake. "Nikaibadilisha. Sasa inasoma ya kwenu. Ili nisichelewe tena."

Niliitazama. Ilikuwa inasoma sawasawa na yangu. Nikaweka kikombe chini, nikatafuta uso, na uso ulikuwepo mmoja tu.

"Samahani, Bamayo," nikasema, "siku ile mimi..."

Akacheka. Kicheko chake kilekile. Akaninyooshea kidole.

"Punje moja kwenye kopo," akasema. "Wewe huna kosa, mwalimu. Mtoto yule alikuwa na wewe mle ndani. Ndiyo kitu pekee kinachonipa usingizi, kwamba alipoinua macho alikuta uso wako."

Sikuendelea. Nilimalizia kikombe, nikasema nawahi gari la Mbozi.

Mjukuu wake, msichana mdogo wa shule, alinisindikiza mpaka barabarani. Nikamuuliza kama bibi anatoka nyumbani siku hizi. Akasema anatoka Jumapili tu, kwenda kanisani. Anafuata saa yake ile, kwa hiyo anafika kanisa bado limefungwa. Wamemwambia mara nyingi, hasikii. Anakaa kwenye ngazi saa nzima peke yake, anasubiri watu waje.